Muulize Kocha: Begi ni Moja, Mabega ni Tofauti

Maswali yenu ya safari hii karibu yote yananuka jasho. Vijana wa Mwanza wanajiandaa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na wengine wanasikilizia usaili wa vikosi vingine, alfajiri ukipita Mabatini au Bugarika unakutana nao wana viroba vya mchanga mgongoni wanapandisha kwenye mawe. Safi sana. Ila ubishi wa nani mwili wake unajengeka na nani haujengeki umekuwa mkubwa kuliko tizi lenyewe, kwahiyo leo nawapa nafasi hao hao na wale waliouliza mambo ya vitambi wavumilie mpaka toleo lijalo.

Kocha shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 20 nakaa Mabatini, nina kilo 54. Mimi na kaka yangu (kilo 72) tunajiandaa na JKT ya kujitolea. Kila asubuhi tunabeba begi la mchanga kilo 18 kila mmoja, tunapanda mlima tunashuka, mwezi wa pili sasa. Yeye kachangamka, mimi ugoko wa kulia unauma na nachoka zaidi ya mwanzo. Anasema mwili wa mwanamke haujibu mazoezi ya kijeshi niache nisubiri kuolewa. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Sio kweli, na huyo kaka mwambie aje na yeye asome hapa.

Tuanze na hesabu kwanza maana ndo inayowadanganya wengi. Kilo 18 kwa mtu wa kilo 72 ni robo ya mwili wake. Kilo 18 kwa mtu wa kilo 54 ni theluthi. Yaani mnapanda mlima mmoja, begi ni la mchanga ule ule, lakini hamfanyi kazi moja kabisa, ili mlingane wewe ungebeba kilo 13 na nusu. Na hapo bado sijagusa kilichomo ndani ya hizo kilo 54, maana kinachobeba begi ni misuli na mifupa sio mafuta, na kwa wastani mwanamke ana sehemu kubwa zaidi ya mafuta mwilini na misuli pungufu, moyo wake ni mdogo kidogo na damu yake ina hemoglobini (ile inayobeba oksijeni) pungufu kama asilimia 10 hivi kulinganisha na mwanaume, kwahiyo oksijeni inayofika kwenye mapaja ni pungufu pia. Nguvu za mikono, kifua na mabega za mwanamke ambaye hajafanya tizi huwa ni kama nusu mpaka asilimia 60 za mwanaume, miguu ina nafuu, inacheza kwenye asilimia 60 mpaka 80. Hizi ni wastani tu jamani, kuna wasichana pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni wanawaacha wanaume wengi mbali, msije mkanikamata kwa hilo.

Sasa hapo ni pale mnapoanzia. Swali lako lenyewe ni la kujibu mazoezi, na hilo lina jibu lake tofauti na watu wanachanganya haya mawili kila siku. Kwa asilimia, wanawake wanapanda sawa na wanaume. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchambuliwa upya mwaka 2020 zilionyesha kwamba ukuaji wa misuli na nguvu za miguu hazitofautiani kwa asilimia, na nguvu za sehemu ya juu ya mwili wanawake ndo waliongezeka zaidi kwa kulinganisha na walipoanzia. Chukua mfano. Kaka yako anyanyue kilo 60, aongezeke robo, anafika 75, kaongeza kilo 15. Wewe uanze na 32, uongezeke robo hiyo hiyo, unafika 40, umeongeza kilo 8. Yeye anaona 15 na 8 anacheka, wakati mwili wako umejibu sawa sawa na wake. Pengo la kilo linabaki, tena linaweza hata kukua, na sababu kubwa ni kwamba tangu balehe yeye ana testosteroni (homoni ya kiume) zaidi ya mara 10 ya yako na imemjengea msingi mpana zaidi. Hilo hatulibishii. Ila kutoka hapo mpaka kusema haujengeki ni uvivu wa kufikiri.

Na jeshi lenyewe limeshapima. Miaka ya 1990 pale Natick, Massachusetts, watafiti wa jeshi la Marekani walichukua wanawake wa kawaida tu, raia, wakawapiga tizi siku 5 kwa wiki kwa wiki 24, vyuma, mbio, kunyanyua maboksi na kutembea na begi. Mwanzoni asilimia 24 tu ya hao wanawake ndo walikuwa na uwezo wa kazi ambazo jeshi lile linaziita nzito sana, mwishoni ikawa asilimia 78. Kwenye begi la kilo 34 kwa umbali wa kilomita 3.2 walitoka mwendo wa kama kilomita 5.5 kwa saa wakafika 7 hivi. Kilo 34! Wengine wao ni zaidi ya nusu ya uzito wao. Angalia muda lakini, wiki 24 ni karibu miezi 6, na nyie mna miezi 2.

Sasa ugoko. Hapa ndo ningependa ukae unisikilize vizuri kuliko pote. Nina hakika mnatembea wote kwa mwendo wake, yeye mbele mrefu, wewe nyuma unarusha hatua ndefu ili usiachwe. Jeshi la Australia walikuwa na shida ya kuruta wa kike kupata nyufa kwenye mifupa ya nyonga, kati ya kila 100 walioingia kama 11 walizipata, na chanzo walichokishuku ni kulazimishwa kwenda hatua moja na watu warefu. Wakabadilisha mambo machache tu, mwendo wa machi ukashushwa kutoka kilomita 7.5 kwa saa mpaka 5, kila mtu akaruhusiwa kutembea hatua yake mwenyewe badala ya kufuatisha mguu wa mwenzake, mbio na machi zikahamishiwa kwenye ardhi laini, na mbio za masafa ya kati zikawa za vipande vipande. Nyufa zikashuka kutoka asilimia 11.2 mpaka 0.6. Hawakuwapunguzia wasichana ujasiri wala hawakuwarudisha nyumbani, walishusha mwendo na wakaacha kila mtu apige hatua yake, basi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na mpaka leo bado kuna watu wanamkimbiza binti wa futi 5 kwa hatua za jamaa wa futi 6 halafu wanashangaa anachechemea.

Kwahiyo kwanza weka begi chini. Bonyeza ugoko kwa kidole, kama maumivu yako sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, au yanakuamsha usiku, hiyo sio misuli, nenda hospitali wakuangalie na usibebe kitu mpaka wakuruhusu. Kama yametapakaa tu urefu wa ugoko na yanaisha ukipumzika una nafuu, ila bado pumzika kwanza. Misuli inajengeka haraka, mfupa unachelewa, na katikati hapo ndo watu wanavunjika. Wanawake kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi huumia kama mara 2 ya wanaume, ila waliochimba zaidi wakakuta ukilinganisha mwanamke na mwanaume wenye pumzi na nguvu sawa siku ya kuingia, tofauti hiyo inapungua sana. Maana yake ukiingia depo (kambi ya mafunzo) ukiwa fiti umeshajikinga kwa sehemu kubwa.

Na kubeba kila asubuhi acheni wote wawili. Begi zito ni mara moja kwa wiki, au hata kila siku 10 mpaka 14, inatosha kabisa kama siku nyingine unafanya yanayotakiwa, yaani vyuma au viroba siku 2 mpaka 3 kwa wiki na mbio siku 2. Watu wanaona kubeba ndo kunafundisha kubeba, ni kweli kunafundisha, lakini peke yake hakutoshi, kinachofanya kazi ni mchanganyiko wa nguvu, pumzi na begi lenyewe. Ukipona anza na kilo 8 kwenye tambarare, mwendo wako, halafu ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja, ukiongeza uzito usiongeze umbali, ukiongeza mlima usiguse uzito. Kaka yako anaweza kuruka hatua mbili tatu za hapo, wewe usiruke. Na kwenye vyuma wewe ndo weka mkazo zaidi mgongoni na mabegani kuliko yeye, maana huko ndo una deni kubwa na huko huko ndo mwili wako unalipa haraka.

Kocha mimi ni mzee wa Nansio, Ukerewe. Mama zetu na dada zetu wanabeba ndoo za maji na madebe ya dagaa kichwani toka enzi na enzi na hawajawahi kuona hiyo jimu. Mbona mnawafundisha mabinti vitu wanavyovijua?

Shikamoo mzee. Swali tamu hili.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa utafiti uliofanyika hapo kwa jirani zetu Kenya, walipima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mpaka kufika asilimia 20 ya uzito wa mwili, wale akina mama walikuwa wanatembea bila kutumia nguvu ya ziada hata kidogo, kama vile hawajabeba kitu. Wazungu walishangaa sana, na baadaye mwaka 1995 wakaeleza kwamba siri iko kwenye namna mwili unavyopanda na kushuka kila hatua, nguvu ya hatua moja haipotei inahamia kwenye inayofuata. Basi sifa zikaenea dunia nzima kwamba mwanamke wa Kiafrika ana maajabu.

Ila mzee wangu habari haikuishia hapo. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa huko Afrika Kusini, walipima wanawake wa Kixhosa, wazoefu wa kubeba kichwani na wasio wazoefu, wakakuta kwa wastani kichwa hakina nafuu yoyote kuliko mgongo, kulikuwa na watu wachache wenye kipaji hicho na wengine hawana, na shingo zinawauma. Na hata wale wa 1986 ukivuka hiyo asilimia 20 gharama inaanza kupanda kama kwa mtu yeyote. Begi la askari linavuka hapo mapema sana. Halafu askari anatambaa, anaruka mtaro, anaangalia juu, mikono inatakiwa iwe wazi, ndoo utaiweka wapi. Kwahiyo uzoefu wa kubeba tangu utotoni ni mtaji, shingo imara na mizani nzuri, siukatai hata kidogo, mabinti wa visiwani naona wanaanza mbele ya wa mjini. Lakini ule mzigo wa mama ni mwendo wake mwenyewe, anatua akitaka, anasalimia njiani. Kule mwendo anaupanga afande.

Habari kocha, mimi ni mama wa Nyegezi. Binti yangu tangu aanze haya mazoezi ya begi ni miezi mitatu hajaona siku zake. Amekonda pia, anakula mara moja anasema anatafuta mwili wa jeshi. Shangazi yake anasema mzigo utamwangusha kizazi. Naogopa.

Mama pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema.

Tuondoe la kizazi kwanza. Begi haling'oi kizazi cha msichana mwenye afya. Kilichopo ni kwamba mzigo mzito unasukuma presha chini tumboni, na wanawake wengine wanaobeba sana au waliokwisha kuzaa hujikuta mkojo unachuruzika wakiruka au kukimbia, hilo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri na lina mazoezi yake, unabana misuli ile ile unayoibana ukizuia mkojo, unahesabu, unaachia, unarudia. Hakuna haja ya kuona aibu kumuuliza mkunga au daktari.

La hedhi ndo kubwa. Mpelekeni hospitali, na tuseme wazi tu mama, cha kwanza watampima ni ujauzito, asinune. Kama sio hilo basi dalili zote ulizonitajia zinaonyesha upande wa sahani. Mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula kinachoingia unaanza kuzima vitu ambavyo sio vya lazima kuishi leo, na uzazi ndo wa kwanza kuzimwa. Tatizo ni kwamba homoni zilizozimwa ndo hizo hizo zinazolinda mifupa, kwahiyo binti anabeba mchanga mgongoni huku mifupa inapungua chini yake. Vijana wa kiume pia wakijinyima inawaathiri, ila msichana ana hiyo hedhi inayopiga kelele mapema, msiizoee.

Ale, tena mara tatu na kitu katikati. Mwanza hatuna sababu ya mtu kuvunjika mifupa kwa kukosa chakula cha maana, dagaa unaliwa mzima na mifupa yake hiyo ni kalisiamu ya bei rahisi, kuna maziwa mgando, maharage, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kutafuna njiani. Kuruta wa kike wa jeshi la maji la Marekani waliopewa kalisiamu na vitamini D kwa wiki 8 za mafunzo walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20 kuliko ambao hawakupewa, utafiti wa mwaka 2008, kwahiyo sio maneno ya bibi tu.

Na damu apimwe. Kila mwezi mwanamke anapoteza madini ya chuma, na mwenye upungufu wa damu utampiga tizi mpaka aombe poo na hatapanda, kocha atasema mvivu kumbe hana hewa. Na sie wa ziwani tuna la ziada, kichocho. Kama binti anaoga au anafua ziwani, kichocho kinaweza kumnyonya damu taratibu bila yeye kujua, na dawa yake ipo na inafanya kazi. Malaria na minyoo vilevile. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula kwasababu inazuia chuma kuingia mwilini, asubiri kama saa moja hivi, na kwenye dagaa au mchicha akamulie limao.

Na huo "mwili wa jeshi" anaoutafuta mwambie mama, kilo za misuli ndo zinabeba begi, mtu akikonda begi linakuwa kubwa zaidi kwake. Kilo 18 kwa mtu aliyeshuka mpaka 45 ni asilimia 40. Anajikaba mwenyewe.

Kocha nikibeba begi muda mrefu mkono wa kushoto unakufa ganzi na vidole vinalegea. Mimi ni mwanaume wa Buhongwa.

Mikanda inabana mishipa ya fahamu inayopita begani kwenda mkononi. Inawapata askari dunia nzima, wa kike na wa kiume. Tafuta begi lenye mkanda wa kiunoni, ufunge ukalie mfupa wa nyonga sio tumboni, uzito mwingi uhamie huko na mabega yapumue. Vitu vizito viweke karibu na mgongo, sio huko nje. Wasichana na wao hapa wasikilize maana mabegi mengi ya kijeshi yalishonwa kwa kipimo cha kiwiliwili cha mwanaume, kwa mtu mfupi mkanda unaangukia mapajani na begi linapiga makalio, fupisha mikanda ya juu mpaka ukae panapotakiwa. Ganzi ikiendelea baada ya kutua begi, au huwezi kunyanyua mkono vizuri, acha kabisa kubeba na uende kwa daktari.

Kwani wasingewapa wanawake begi dogo tu yakaisha? (Igoma)

Kwa mazoezi ya kuanzia, ndio, ningewapa kila mtu kwa uzito wake na wala nisingeangalia jinsia, kuna wavulana wa kilo 52 pia wanateseka kimya kimya. Lakini kazini begi halipimwi kwa aliyelibeba. Maji, risasi na redio vina uzito wake, na majeruhi wa kilo 80 hapungui kwasababu anayemvuta ni dada. Marekani walipotangaza Desemba 2015 kwamba nafasi zote za mapigano ziko wazi kwa wanawake, na Uingereza mwaka 2018, vipimo vya kazi vilibaki vya kazi. Mimi naona hiyo ni sawa, mradi mtu apewe muda wa kuvifikia. Kumpa binti wiki zile zile, hatua zile zile na mwendo ule ule wa aliyeanza na misuli mara moja na nusu yake halafu kumwita dhaifu, hapo ndo sikubaliani.

Tizi nifanye na buti au raba? Na jimu sina hela.

Raba kwanza. Kila gramu 100 kwenye kiatu zinakuongezea matumizi ya oksijeni karibu asilimia 1, uzito wa mguuni unakula pumzi kuliko wa mgongoni. Buti anza kuzivaa wiki 6 hivi kabla, kwa kutembea tu, zilainike na miguu izoee malengelenge yaishie nyumbani.

Jimu sio lazima. Kiroba cha mchanga kilo 20 kinanyanyuliwa kutoka chini mpaka begani, kinakumbatiwa kifuani unapiga nacho skwati, kinavutwa kwa kamba. Ndoo mbili za maji mkononi unatembea nazo. Jiwe la usawa wa goti la kupanda na kushuka, na hayo Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Pushapu kama ngumu anzia mikono juu ya jiwe kabla ya kwenda chini. Kiroba funga mara mbili na ukivishe mfuko mwingine juu, mchanga ukimwagika shingoni katikati ya mlima utanikumbuka kwa ubaya.